Mwendo wa Msafara

Watu kumi wakikusudia kuvuka milima kwa pikipiki, ni nani astahiliye kuwa kipimo cha mwendo wao: hodari kuliko wote, au mnyonge wao?

Tuitazame Khardung La, njia ya Ladakh, kaskazini ya Bara Hindi, ipitayo kwenye kimo cha mita 5,359 hivi. Huko hewa ya kuvuta ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mji wa Leh, ambako misafara huanzia, una kimo cha mita 3,500 hivi. Kwa hiyo wenye busara hupumzika Leh siku kadha, mwili uzoee, ndipo wapande.

Hodari hunung'unika kuwa siku zake zapotea kwa ajili ya wanyonge. Lakini ugonjwa wa mwinuko haujali misuli wala ujana; alalamikaye leo huenda kesho akalala akitapika, kichwa kikimpasua. Mapumziko, basi, si sadaka apewayo mnyonge. Ni akiba ya wote, wala hajulikani atakayeihitaji.

Limebaki jambo zito zaidi. Mgonjwa akizidiwa hana dawa bora kuliko kushuka, wala haifai ashuke peke yake. Nani atageuka naye? Swali hili na lijibiwe bondeni, kabla ya safari. Kwa maana kilele kikiisha kuonekana, kila mtu hupata sababu njema ya kuendelea. Ahadi iliyowekwa mapema humlinda mgonjwa, tena humlinda mzima na tamaa yake.