Nani Atamhesabu Aliyekosa?

Mwaka 2016 jina langu liliokotwa ndooni. Ndivyo nilivyoupata ufundi. Mradi mmoja ulikuja mtaani kwetu, Buguruni, ukatangaza nafasi 40 za mafunzo ya kuchomelea vyuma: miezi sita, bure, na nauli juu. Sharti uwe na umri wa miaka 18 hadi 24, uwe umeishia njiani kimasomo, na uwe huna kazi. Kwa masharti hayo, ndugu msomaji, nusu ya mtaa ilikuwa na sifa. Tulijitokeza zaidi ya mia. Wenye mradi wakasema hapa hakuna kujuana. Kila jina litaandikwa kwenye kikaratasi, vikaratasi vitiwe kwenye ndoo ya plastiki, na mtoto mdogo aokote 40 mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Mtoto akaokota. Jina langu lilikuwa la 31. Jina la mshikaji wangu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, lilibaki ndooni.

Siku ile sikuwaza sana. Bahati ni bahati. Lakini yaliyofuata yamenifanya niwe na swali ambalo halinitoki kichwani: tunaposema mafunzo yamewasaidia vijana kupata kazi, tunajuaje? Na yule aliyekosa, anahesabiwa na nani?

Miaka miwili baadaye alikuja mtaani dada mmoja, mdadisi, na kishikwambi mkononi. Wakati huo mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye karakana moja Gerezani, nina mkataba wa maandishi na mchango wa hifadhi ya jamii unakatwa kila mwezi. Mshikaji wangu alikuwa deiwaka: leo kubeba zege, kesho kupaka rangi mageti, keshokutwa kijiweni. Dada yule alituhoji mmoja mmoja, maswali yale yale. Alipomfikia mwenzangu, jamaa akacheka.

"Dada, mimi si nilikosa? Sasa unaniuliza nini?"

"Kaka," dada akajibu, "wewe ndiye muhimu zaidi. Bila wewe hatuwezi kujua kitu."

Nililichukulia jibu lile kuwa ni lugha ya biashara. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba alisema kweli tupu.

Hebu tufikiri pamoja. Mradi ukimaliza kazi yake, unatoa kijitabu chenye picha za vijana wanaotabasamu, na chini yake: wahitimu kadhaa kati ya mia wamepata kazi. Tunapiga makofi. Lakini kijana wa miaka 20 akifika miaka 22 huwa anapata japo kibarua, mafunzo yawepo yasiwepo. Njaa yenyewe ni mwalimu. Tena anayejitokeza kuomba mafunzo si sawa na anayelala hadi saa tano. Ana mchecheto wake, na mchecheto huo ungempeleka mahali hata bila cheti. Kwa hiyo hesabu ya waliofanikiwa, ikisimama peke yake, haisemi lolote. Ni sawa na jogoo kujisifu kwamba jua limechomoza kwa sababu yeye amewika.

Tunachotaka kujua ni kitu kisichoonekana: mimi ningekuwa nani leo kama jina langu lingebaki ndooni? Hakuna binadamu anayeweza kuyaishi maisha yake mara mbili ili alinganishe. Kinachowezekana ni kumtafuta mtu aliyekuwa kama mimi kwa kila hali, ambaye tofauti yetu ni mkono wa mtoto tu. Mtu huyo ni mshikaji wangu. Na kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuvunjika mguu au kurithi duka, wanatafutwa mamia kwa maelfu, ili bahati za huku na za kule zipunguzane.

Kazi hiyo imefanyika kweli, tena si mbali. Mwaka 2008, magharibi ya Kenya, upande wa Busia, watafiti waliwaandikisha vijana zaidi ya 2,000 waliotaka kujifunza ufundi. Kwa kura, nusu yao wakapewa hati ya kulipiwa karo, yenye thamani ya takriban dola 460, nusu wakakosa. Vijana wenyewe, walipoulizwa mwanzoni, walitarajia ufundi ungewaongezea kipato kwa kiasi kikubwa sana. Hati ziliwapeleka wengi darasani, hilo halina ubishi. Lakini walipofuatiliwa miaka iliyofuata, kwa wastani tofauti ya kipato kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo mno. Nafuu ilionekana zaidi kwa wale waliobahatika kuingia kwenye kazi ya mshahara. Fikiria kama wangewahesabu waliosoma peke yao! Wangewaona mafundi mitaani wakichapa kazi, na wangeandika kijitabu kinono.

Lakini si kila mahali ndoo ilitoa jibu hilo. Nchini Kolombia kulikuwa na mpango uitwao Jóvenes en Acción, wa vijana wa familia maskini mijini: miezi mitatu darasani, miezi mitatu kazini. Mwaka 2005 nafasi ziligawanywa kwa kura kwa sababu waombaji walizidi. Wanawake waliopata nafasi walikuja kuwa na kipato kilichozidi cha wenzao waliokosa kwa karibu asilimia 20, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitokana na ajira rasmi, yenye mkataba. Kwa wanaume faida haikuwa wazi namna hiyo. Na jirani zetu Uganda, vijana waliosomeshwa chuoni walilinganishwa na waliofundishwa ndani ya karakana ya mwajiri. Wote walifaidika kuliko waliokosa, ila wale wa chuoni, faida yao ilichelewa kuonekana lakini ikadumu zaidi, kwa sababu ujuzi wenye cheti unaweza kubebwa kutoka kwa tajiri mmoja hadi kwa mwingine.

Sasa basi, mtu ataniambia: wewe una cheti, una mkataba, mafunzo yamekusaidia, unalalamika nini? Sikiliza.

Ile karakana ya Gerezani, mshikaji wangu aliijua kabla yangu. Alikuwa akienda pale kama deiwaka, kubeba nondo, kusugua kutu, kupaka rangi. Mimi nilikuja na cheti, nikachukuliwa. Baada ya mwaka, siku moja tunakunywa chai, tajiri akaniambia kwa kunisifu: "Unajua, nilikuwa nimchukue yule mwenzako. Nafasi ilikuwa moja. Lakini wewe ulikuja na karatasi."

Chai ilinikwama kooni. Kwenye kishikwambi cha yule dada, mimi ni moja na mwenzangu ni sifuri. Moja toa sifuri, mafunzo yameshinda. Lakini mtaani hakuna ajira hata moja iliyoongezeka. Ilikuwa yake, ikawa yangu. Tena hesabu inanipendelea mara mbili: nimepanda mimi, ameshuka yeye, na kule kushuka kwake kunasomwa kama ushahidi kwamba mafunzo ni mazuri.

Kumbe jambo hili nalo limepimwa. Ufaransa, mwaka 2007 na 2008, walifanya jaribio katika maeneo 235 ya ofisi za ajira. Yale hayakuwa mafunzo ya ufundi. Walikuwa wanawasaidia vijana wasomi wasio na kazi kuitafuta. Wakapiga kura mara mbili: kwanza maeneo, kwamba hapa wasaidiwe wengi, pale wachache, kwingine asisaidiwe yeyote, kisha watu ndani ya maeneo. Baada ya miezi minane waliosaidiwa walikuwa wamepata kazi za kudumu zaidi ya wenzao. Ila sehemu ya ushindi huo ilitoka mifukoni mwa majirani zao wasiosaidiwa, hasa pale ambapo kazi zilikuwa adimu. Nikasema, loh! Hadithi yangu na chai yangu.

Hapa ndipo swali la kipimo linapogeuka kuwa swali la haki. Wapo wanaosema kupiga kura juu ya maisha ya vijana ni dhambi, watu si panya wa maabara. Sikubaliani nao. Nafasi zilikuwa 40, na ndoo haikuzipunguza. Bila ndoo zingegawanywa kwa ujomba na bahasha, kama tunavyojua sote, na waliokosa wangekosa vile vile, tena kwa dharau. Ndoo angalau ilimwambia mshikaji wangu kwamba hakuna aliyemkataa. Na kumwaga fedha mwaka hadi mwaka kwenye mafunzo ambayo hatujui kama yanafaa, huku tukiwatangazia vijana kwamba wamekombolewa, hiyo ndiyo dhambi ninayoiona mimi.

Ila haki ya kura haimalizi deni. Yule aliyekosa ametoa kitu. Ametoa majibu yake, muda wake, hata aibu yake ya kusema mbele ya dada mzuri kwamba wiki iliyopita hakuingiza hata mia. Ujuzi wote uliopatikana umesimama juu ya mabega yake. Amelipwa nini? Kijitabu cha mradi kilichapishwa. Picha yangu ipo, nimeinua kinyago cha kuchomelea kama mwanajeshi aliyeshinda vita. Mwenzangu hakuonyeshwa hata jalada. Mtu asiye na kazi kuambiwa kwamba yeye ni muhimu zaidi, kisha kuachwa bila kuambiwa kilichoonekana, huko ni kumtumia.

Kwa maoni yangu anayepima anadaiwa vitu vitatu. Kwanza, amhesabu aliyekosa kwa uaminifu ule ule anaomhesabu aliyepata. Pili, aulize kama kazi imeongezeka au imehamishwa tu. Tatu, matokeo yarudishwe kwa Kiswahili cha mtaani, pale pale ndoo ilipokaa, hata kama jibu ni kwamba mafunzo hayakufaa kitu. Hasa kama jibu ni hilo, maana vijana wengine wanauza simu na kuku wa mama ili walipe karo ya mafunzo kama yale.

Na mimi je, niliyepata? Nadaiwa pia. Baada ya ile chai nilianza kumfundisha mshikaji wangu kila Jumapili uani kwetu. Mashine ya kuazima, vyuma chakavu, jirani wakilalamika umeme unayumba. Alishika haraka, pengine ana mkono mzuri kuliko wangu. Kwa hiyo yule dada mdadisi alipokuja, mambo yalikuwa yamekwisha kuvurugika. Alimuuliza mwenzangu: "Katika miaka miwili iliyopita, umepata mafunzo yoyote ya ufundi?"

Jamaa akanitazama, kisha akasema: "Nimepata. Kwa huyu hapa."

Dada alisita. Akatafuta kwenye kishikwambi pa kulitia jibu lile, hakupaona. Mwishowe akabonyeza "hapana", kwa kuwa hapakuwa na chuo wala cheti. Kwa hesabu yao nilikuwa nimewaharibia kipimo: aliyetakiwa kubaki bila ujuzi alikuwa ameupata kwa mlango wa uani. Kama baadaye waliona tofauti kati yetu ni ndogo, wakaamua kwamba mafunzo hayana maana, basi kosa ni langu kwa kiasi hicho.

Nimelifikiria sana kosa hilo. Nikirudishwa nyuma nitalirudia, ila safari hii nitamwambia yule dada aandike pembeni, kwa mkono wake, kwamba hapa kuna mtu amefundishwa na aliyeokotwa. Mshikaji wangu bado hana mkataba. Mageti yake mawili yapo mtaani kwetu, na hakuna kijitabu kinachoyajua.