Safu Iliyofichwa

Mayfair, London, kodi ya ofisi huhesabiwa kwa futi ya mraba kwa mwaka. Nilifanya kazi huko kwa wakala mmoja wa kupangisha, mimi nikiwa kijana wa kuandaa makaratasi, na ukubwa wa bei haukunishtua sana. Kilichonishtua ni kwamba bei zenyewe mara nyingi hazilipwi zote.

Iko hivi. Thamani ya jengo, na mkopo ambao benki imetoa juu yake, hupimwa kwa kodi iliyoandikwa kwenye mkataba. Kwa hivyo mpangaji mkubwa akibana, hapunguziwi kodi. Anapewa miezi ya bure, hata mwaka mzima au zaidi, mradi atie saini miaka kumi. Karatasini kodi inabaki juu. "Si uongo," bosi aliniambia, na kweli hakuna neno hata moja la uongo pale.

Halafu kukawa na mzee mmoja, mpangaji wa chumba kidogo, mkataba wake umefika mwaka wa tano. Huo ndio wakati wa kupitia kodi, na kwa mikataba mingi ya Uingereza wakati huo kodi ikipitiwa ilipanda au ilibaki palepale. Haikushuka. Nikatumwa nimwandalie orodha ya kodi za majirani. Nikaweka bei zote. Miezi ya bure nikaiacha. Angekuwa na mtaalamu wake, mtaalamu angeuliza. Hakuwa naye.

"Kumbe mtaa wote unalipa hivi?"

"Ndivyo mikataba inavyosema, mzee."

Muuza mitumba wa Gikomba akikuitisha elfu mbili, wote wawili mnajua hiyo ni bei ya kuanzia. Unacheka, unataja mia nane. Mzee hakujua kuna mchezo.

Kant alikataza uongo hata kwa muuaji anayebisha mlangoni akimtafuta rafiki yako. Sheria kali hiyo, lakini siku ile mimi ningeipita bila jasho. Ndiyo maana siiamini tena kama kipimo pekee. Uongo wangu haukuwa kwenye maneno. Ulikuwa kwenye kile nilichotaka aamini, na nilikijua vizuri.

Alitia saini.

Orodha ile bado ninayo kwenye laptop. Safu ya miezi ya bure imo pia, kati ya bei na jina la jengo. Niliificha tu. Ukibofya, inafunguka.