Mnawarudisha Bwenini

Sikieni, enyi wazazi mnaojivunia majina ya shule kuliko mnavyowajua watoto wenu. Sikieni, wakuu wa shule mnaolinda sifa za taasisi. Nanyi mliosoma zamani, mnaokutana kila mwaka kuchekea visa vya bwenini huku nyama ikichomwa, neno hili ni lenu pia.

Mtoto amepiga simu kwa kuazima, sauti chini: "Mama, naomba uje unichukue." Mkamjibu nini? "Vumilia, hata baba yako alipitia hayo." Baba akapokea, akaongeza kwamba dunia haina huruma, akakata. Hamkuuliza ni nani anayemsumbua, wala ni saa ngapi, wala bweni lipi. Usiku huohuo, saa nane, mono yule, yaani mwanafunzi mpya, aliamshwa akapewa njiti ya kiberiti apime nayo korido nzima, kwa magoti. Alipotoa hesabu akaambiwa amekosea, aanze upya. Mwenzake aliamriwa kuzima balbu kwa kuipuliza, iliposhindikana, mkanda. Sanduku la mabati la mtoto wenu lilivunjwa kufuli wiki ya kwanza, na blanketi mlilomnunulia anajifunika mkubwa wa kidato cha nne. Hayo ndiyo mnayoyaita kutolewa ushamba!

Ole wenu, walimu mnaoishi hatua chache kutoka bwenini, mkisikia kilio mnaongeza sauti ya televisheni. Watoto chungu nzima mnamwachia kiranja ambaye naye ni mtoto, na fimbo mnampa. Mwaka 1999, Nyeri High School, wanafunzi waliwafungia viranja wanne usiku, wakawachoma moto, wakafa. Tulilia, tukazika, fimbo ikarudi palepale. Mwaka 2017 zikatoka habari za Alliance High School, shule iliyoanzishwa 1926, kwamba wanafunzi wapya wanapigwa na viranja. Mkuu wa shule akastaafu mapema, na bado walikuwepo waliotetea kwamba kipigo ndicho kilichowafanya wanaume. Kipigo! Mwalimu aliyewafundisha hisabati hakutajwa.

Na anayethubutu kusema, mnamfanyaje? Mnamwita ofisini mbele ya haohao aliowataja, mnamwambia arudie. Akitoka pale jina lake ni mchongezi. Muhula haujaisha, anayehamishwa shule ni yeye, na waliomuumiza wanabaki kufanya mtihani. Ofisi ya ushauri nasaha ipo, naam, imejaa madawati mabovu.

Sheria hamna kisingizio cha kutoijua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa mwilini au kisaikolojia. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ni mkutano gani wa wazazi uliowahi kuisoma? Mnajadili basi jipya hadi jua linazama.

Basi inukeni. Mtoto akisema anaonewa, mwaminini kwanza, maswali yafuate. Nendeni shuleni siku hiyohiyo, msingoje siku ya kutembelea. Mvueni shati mumtazame mgongo. Akiwa ameumizwa, mpelekeni hospitali apimwe na mpewe maandishi, kisha mkaripoti polisi, na msiondoke bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Mkuu wa shule akiwasihi mambo yamalizwe kifamilia, kataeni. Mwoneni afisa wa watoto wa eneo lenu.

Nawe kijana uliye bwenini au chuoni, unayelala na viatu ili uwe tayari kukimbia, namba ni 116, ya Childline Kenya. Haina malipo, na inapokewa mchana na usiku. Omba simu ya mpishi, ya bawabu, ya mwalimu yeyote unayemwamini. Na wewe bawabu, wewe mpishi, mtoto huyo akikuomba simu, mpe.