Mtumishi wa Nne

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kimoravian huko Ipinda, na mfano wa talanta aliuhubiri kila mpunga ulipoanza kuiva, washirika wasije wakasahau sadaka ya mavuno. Niliusikia tangu sijaota meno ya ukubwani, nikadhani nimeuelewa. Kumbe nilikuwa sijauelewa mpaka siku niliposimama mbele ya dirisha la mhasibu.

Chuo ninachofundisha, kwenye baridi ya huku juu, hutenga kila mwaka fungu la ndani kwa wahadhiri wenye wazo la kuboresha ufundishaji. Si fedha za kutisha. Mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, umejengea vyuo vya umma kumbi na maabara. Fungu letu halijengi hata choo. Niliomba shilingi milioni 4. Nina wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza ambao hunakili kila neno, nusura waandike na kikohozi changu. Nilitaka niache kuwahutubia, niwagawe makundi ya watu 10 wajadiliane, kila kundi na msaidizi wa mwaka wa tatu anayelipwa posho kidogo. Fomu ikauliza kiashiria cha mafanikio. Nikaandika kwamba ufaulu utapanda kwa asilimia 15. Namba hiyo niliiokota hewani, Mungu anisamehe.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Makundi mengine yalikaa kimya kama yako msibani, mengine yakawa vijiwe vya soga. Jaribio la kwanza, alama zikashuka. Nikaogopa, nikarudi kwenye slaidi zangu za zamani. Mwisho wa mwaka nikarejesha masurufu: risiti zote za EFD, na zaidi ya nusu ya fedha nikairudisha benki. Mhasibu akanisifu, akasema laiti wenzangu wote wangekuwa hivi.

Usiku ule nikamkumbuka mtumishi wa tatu wa mfano ule wa talanta. Hebu mtazameni. Hakuiba, hakula, hakunywa. Aliifukia talanta ya bwana wake, akaifukua, akaikabidhi kama ilivyokuwa. Wale wawili wengine walifanyia biashara fedha ya mtu, jambo ambalo mkaguzi yeyote angeliandikia hoja. Anayeitwa mwovu ndiye ambaye hesabu yake haina hata senti ya kuuliza. Na sababu aliitaja mwenyewe: hofu.

Wenzangu husema kinachotutia hofu hiyo ni kudaiwa risiti. Sikubaliani nao. Fedha ile ni ada, na nyingine imetoka kwenye kakao na mpunga wa kwetu Kyela. Anayedai hesabu yake ana haki. Kinachonisumbua ni kwamba nilitakiwa kutoa hesabu ya kitu ambacho hakimo mikononi mwangu. Kuelewa kwa mwanafunzi si kwangu. Hata Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya kupanda na kunyweshea, alikataa kujihesabia kukua kwa mmea.

Niliwahi kumuuliza baba: je, angekuwepo mtumishi wa nne, aliyefanya biashara akapata hasara tupu, bwana angemwambia nini? Baba akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Huyo hayumo kwenye Biblia, mwanangu." Ni kweli, hayumo. Lakini mwalimu anayejaribu njia mpya ni yeye hasa, na hakuna aliyetuachia neno la kumwambia.

Likizo iliyopita nilishuka Matema, nikaenda soko la Lyulilo siku ya Jumamosi. Wanawake wa Kikisi walikuwa wameleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kule milima ya Livingstone inakotumbukia ziwani. Huvifinyanga kwa mikono, bila gurudumu, na kuvichoma uwanjani. Bibi mmoja akanitajia bei ya chungu, nikalalamika kwamba amezidisha. Akakigonga kwa kidole, kikalia kama kengele.

"Vilivyopasukia motoni sivileti hapa, mwanangu," akasema, "lakini navyo vimo kwenye bei."

Nikalipa bila kuomba kupunguziwa.

Mwaka huu nimeomba tena, mradi uleule, milioni 4 zilezile. Penye kipengele cha vihatarishi nimeandika kwamba muhula wa kwanza alama huenda zikashuka, na kwamba zikishuka sitaacha. Kamati inakaa Alhamisi.