Shukrani kwa Nota Moja

Ilikuwa Jumapili ya Mikaeli na Watoto, na kanisa lilijaa mpaka watu wengine wakasimama nje madirishani. Kikundi cha matarumbeta cha vijana kilikuwa kimefanya mazoezi kwa wiki tatu. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa anapiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Katika ubeti wa pili wa wimbo, mahali maneno yanapotaja kifo cha Bwana, kijana yule alipunguza sauti ya tarumbeta yake hadi ikabaki kama pumzi. Hakuna aliyemfundisha. Wenzake waliokuwa wakipuliza kwa nguvu walimsikia, nao wakashuka pamoja naye, na kwa muda mfupi kanisa zima likatulia. Kisha ukaja ubeti wa tatu. Akajikwaa, akakosa nota mbili, na moja ikatoka kwa ile sauti ya kukwaruza ambayo kila aliyewahi kushika tarumbeta anaijua.

Baada ya ibada, wakati mnada wa mazao unaendelea, tulimwita, tukampa mkono, tukamwambia: “Hongera, mwanangu. Ila zile nota mbili za ubeti wa tatu ulizikosa. Kazifanyie mazoezi.” Akaitika, “Ndiyo, Baba Mchungaji.” Jumapili mbili baadaye mama yake alileta tarumbeta ofisini, imefungwa ndani ya kitenge. Alisema kijana wake anaona yeye si mpigaji, basi apewe mwingine.

Tulichomwambia kijana kilikuwa kweli, na hilo ndilo linalotusumbua. Kama tungalikuwa tumemsingizia, tungejua la kutubu. Lakini nota zilikuwa mbili, na alizikosa. Je, mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akawa ametenda dhambi dhidi ya jirani yake?

Tulianza kupata mwanga mahali ambapo hatukutazamia, katika maisha ya mpiga selo mmoja wa Hispania. Selo ni chombo kikubwa cha nyuzi nne. Mpigaji huketi, akakishika katikati ya magoti na kupitisha upinde juu ya nyuzi. Pablo Casals alizaliwa mwaka 1876 huko Catalonia, mtoto wa mpiga kinanda wa kanisa, na baba huyo ndiye aliyempa masomo yake ya kwanza ya muziki. Alipokwenda kusoma Barcelona aliwakuta wanafunzi wa selo wakifundishwa kubana kiwiko cha mkono wa kulia ubavuni, hata kufanya mazoezi wakiwa na kitabu kwapani ili mkono usicheze. Utaratibu huo ulifuatwa kwa uaminifu mkubwa. Casals, akiwa bado mtoto, aliona kwamba mkono uliobanwa hauwezi kuimba, akauachia.

Akiwa na miaka 13 alikuta katika duka moja la mji huo nakala kuukuu ya nyimbo sita ambazo Johann Sebastian Bach, Mlutheri mwenzetu, alizitunga karibu na mwaka 1720 kwa ajili ya selo peke yake. Wakati ule wengi walizihesabu kuwa mazoezi ya vidole tu. Casals alizifanyia kazi kwa miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga hata mmoja wa nyimbo hizo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu. Alichokisikia ndani yake nadhani Bach mwenyewe asingekishangaa. Mwaka 1723, mwaka aliohamia Leipzig (mji uleule walikotoka wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893), Bach aliandika mwanzoni mwa kitabu chake cha mazoezi ya kinanda kwamba anataka wanafunzi wajifunze, zaidi ya yote, kupiga kwa namna ya kuimba. Kitabu ni cha mazoezi, na bado mwalimu anataka wimbo.

Sasa, mwalimu anampaje mwanafunzi wimbo? Nota zilizochapwa kwenye karatasi zote ni nyeusi vilevile. Karatasi husema nota hii iwe juu kiasi gani na idumu muda gani, basi. Haisemi ilie au icheke. Casals aliwafundisha vijana kwamba nota ndefu haiwezi kukaa mahali pamoja; ama inakua ama inafifia. Nota ikirudiwa mara mbili, ya pili haiwi sawa na ya kwanza, kwa sababu hata sisi tukimwita mtoto mara mbili, “Njoo, njoo,” la pili lina jambo ambalo la kwanza halikuwa nalo. Kila msharika anajua tofauti hii, hata kama hajawahi kuona selo. Yuko msomaji wa neno ambaye hupitia habari ya mateso ya Bwana kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya ndoa. Hajakosea hata herufi moja. Na yuko mzee wetu mmoja asiyeona vizuri, anayerukaruka maneno, lakini akisoma habari ya Petro na jogoo watu huinamisha vichwa.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Makosa yanahesabika, ila uhai wa wimbo hauhesabiki. Mwalimu aliyechoka, au mwenye wanafunzi wengi, au anayeogopa kuonekana mlegevu, atashika kile kinachohesabika. Na kijana anayejua kwamba anahesabiwa hubana. Upinde hutetemeka mkononi, midomo hukakamaa kwenye tarumbeta, pumzi huwa fupi. Anarudishiwa kile kitabu kwapani.

Kisa kilichotuchoma zaidi ni cha Gregor Piatigorsky, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wapiga selo wakubwa wa karne iliyopita. Amekisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Alizaliwa mwaka 1903 katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akatoroka utawala wa Kisovieti mwaka 1921, na hatimaye akafika Berlin. Huko, angali kijana, alikutana na Casals katika nyumba ya familia moja iliyopenda muziki. Aliombwa apige pamoja na mpiga piano Rudolf Serkin, ambaye hawakuwa wamezoeana. Wote wawili walikuwa na hofu. Walipiga kazi ya Beethoven vibaya, hata hawakuifikisha mwisho. Casals akapiga makofi. Akamwomba kijana apige Schumann; ikawa vibaya zaidi. Akaomba Bach. Mwishowe akamkumbatia na kumsifu sana.

Piatigorsky aliondoka na uchungu. Alijua alivyopiga, hivyo aliona mzee yule ni mnafiki anayewatupia vijana sifa za bure. Miaka kadhaa baadaye walikutana tena Paris, wakala pamoja, wakapiga pamoja hadi usiku, na kwa kuwa sasa walikuwa marafiki kijana alimwambia wazi alivyofikiri siku ile. Casals alikasirika. Alikimbilia selo yake akapiga kipande cha Beethoven na kumuuliza kama hakutumia mpangilio huu wa vidole. Ndiyo, aliutumia. Casals akamwambia kwamba mpangilio huo ulikuwa mpya kwake, na ulikuwa mzuri. Na hapa, je, hukusukuma upinde kwenda juu, hivi? Akaendelea hivyo na Schumann, akaendelea na Bach, akimwonyesha kila jambo jema alilolisikia kwake siku ile. Yaliyobaki, alimwambia, awaachie wajinga wanaopima watu kwa kuhesabu makosa. Yeye anaweza kushukuru hata kwa nota moja.

Tuliposoma hayo tulifunga kitabu tukatoka nje kidogo.

Maana hizo hazikuwa sifa za bure. Mtu anayesifu ovyo hakumbuki kidole kilikaa wapi baada ya miaka kadhaa. Casals alikuwa amesikiliza kuliko yule kijana alivyojisikiliza mwenyewe. Kijana alisikia makosa yake tu, na mzee akasikia makosa pamoja na kile kilichokuwa kikijaribu kuzaliwa katikati ya makosa. Wala hakuwa mtu wa kupendezesha watu. Ndiye huyohuyo ambaye baada ya vita kuu ya pili aliacha majukwaa makubwa ya dunia na fedha zake, akakataa kupiga katika nchi zilizoutambua utawala wa Franco nyumbani kwao. Mtu wa namna hiyo hatoi sifa kwa sababu ya haya.

Katika Katekisimu Ndogo Luther anaieleza amri ya nane, ile ya ushuhuda wa uongo, kwa maneno ambayo wanafunzi wetu wa kipaimara huyakariri haraka ili wafike ya tisa. Sehemu ya kwanza tunaijua sote: tusimsingizie jirani, tusimharibie jina. Lakini Luther haishii hapo. Anatutaka tumtetee jirani, tuseme mema yake, na tuyaelekeze mambo yake upande ulio bora. Kwa miaka mingi tulifundisha sehemu hii ya pili kama ushauri wa adabu. Sasa tunaiona kuwa ndiyo moyo wa amri. Tuseme shahidi ameitwa barazani, akasema mabaya yote aliyoyaona, kila moja ni kweli, lakini akanyamazia jema aliloliona kwa macho yake. Huyo amewapa wazee picha ya uongo iliyotengenezwa kwa vipande vya kweli. Ndivyo tulivyofanya kwenye mnada ule. Tuliusikia ubeti wa pili. Tuliketi pale mbele na mwili ukatusisimka. Tukaja kutoa ushahidi wa ubeti wa tatu peke yake.

Mtu atauliza kama basi makosa yaachwe. Yasiachwe. Mwaka 1960, Casals akiwa na miaka 83, masomo aliyotoa kwa vijana huko Berkeley, Marekani, yalipigwa filamu. Anamsimamisha kijana, anaimba kwa sauti yake ya kizee, anapiga mwenyewe, anamrudisha palepale. Hakuna anayeachwa alivyo. Lakini anamsahihisha kwa ajili ya wimbo ambao amekwisha kuusikia ndani yake, na kijana anajua hivyo. Sisi Walutheri tumefundishwa kutofautisha sheria na injili, nasi tunajua kwamba sheria hutuonyesha tulipokosa na ina haki ya kufanya hivyo. Haina uwezo wa kumpa mtu wimbo.

Tunamfikiria Barnaba. Matendo ya Mitume 11 inasema alipofika Antiokia aliiona neema ya Mungu, akafurahi. Usharika ule mpya wa watu wa mataifa bila shaka ulikuwa na mengi ya kusahihishwa, kama nyaraka za Paulo zinavyoonyesha kuhusu sharika nyingine. Jicho la Barnaba liliona neema kwanza. Baadaye alitofautiana vikali na Paulo kwa ajili ya Marko, kijana aliyeiacha kazi njiani. Paulo alikuwa na hoja, na sisi tungalikuwa kwenye kikao kile huenda tungalipiga kura upande wake. Lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo ni Paulo yuleyule anayeomba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa.

Katika chuo chetu cha theolojia kila mwanafunzi huhubiri mbele ya wenzake na walimu, kisha hukosolewa. Kwa muda mrefu tulikuwa na karatasi ya kukata alama: muda, sauti, mpangilio, matumizi ya Maandiko. Karatasi hiyo bado ipo. Mahubiri yenye mafundisho potofu ni jambo la hatari, na hatuwezi kumpeleka madhabahuni mtu ambaye hakuambiwa. Tulichoongeza ni kwamba kila msikilizaji lazima aanze kwa kutaja sentensi moja ya mahubiri ambayo ilimfikia, kwa maneno ya mhubiri mwenyewe. “Umehubiri vizuri” haikubaliki. Ni kazi ngumu kuliko tulivyodhani. Wiki za kwanza wengi walikaa kimya, kwa sababu walikuwa wamesikiliza wakiwa na kalamu tayari kwa makosa na hawakuwa na sentensi yoyote ya kutaja. Sisi walimu pia tulinaswa mara mbili. Na wanafunzi, wajanja kama kawaida yao, wamekwisha kujifunza kusubiri neno “lakini” linalofuata; unaona mabega yao yakipanda kabla hujalitamka. Bado hatujajua dawa ya hilo.

Kijana wa tarumbeta hakurudi kikundini. Alimaliza shule, akajifunza ufundi umeme, akahamia mjini. Mwaka jana tulikutana naye msibani kwa babu yake. Matarumbeta yalikuwa yamepiga kaburini, na watu walikuwa wanatawanyika kwenda kula. Tulimvuta pembeni chini ya migomba, tukamwambia kwamba siku ile ya Mikaeli, katika ubeti wa pili, alipunguza sauti pale panapotajwa kifo cha Bwana, wenzake wakamfuata, na kwamba tangu siku ile hatujausikia wimbo ule ukipigwa hivyo tena. Tukamwomba radhi kwa kutomwambia.

Alitutazama kwa muda, mkono ukiwa bado ndani ya wetu.

“Kumbe Baba ulisikia?”