Paa Lisilopumua

Mstaafu mmoja wa Kigamboni alijenga nyumba ya uzeeni, akaamua upande wote wa kaskazini wa paa uwe wa paneli za sola badala ya vigae. Fundi umeme, kijana wa kumzaa, alimshauri zipigiliwe papi kwanza, ili chini ya paneli pabaki uwazi wa sentimita 10, uliofunguka chini ukingoni na juu kwenye kofia ya paa.

"Mzee, hewa ikipita mgongoni zitapoa."

"Mwanangu, nimeagiza paa. Sikuagiza kichanja cha kuanikia dagaa."

Basi paneli zikalazwa juu ya plaiwudi, zikabanwa kwa silikoni pande zote, na chini yake ikafungwa dari ya jipsamu. Nyumba ikapendeza kweli. Wapita njia walisimama kuitazama.

Ilipoingia Januari, mambo yakageuka. Paneli zilizonunuliwa kwa hesabu ya kilowati 5 hazikuvuka 4.1 hata jua likiwa la utosi. Jirani yake mwenye paneli za aina hiyo hiyo na idadi hiyo hiyo, alizozifunga kwenye reli juu ya bati, alivuna 4.5. Isitoshe, vyumba vya mzee vilifukuta mpaka usiku. AC ikawa inawashwa tangu adhuhuri, umeme wa sola ukaishia humo, naye akarudi kununua uniti za LUKU. Hita ya bafuni nayo ikadai zake.

Kijana aliitwa. Saa saba mchana alipanda darini, akatoboa tundu kwenye plaiwudi, akagusisha kipimajoto mgongoni mwa paneli. Kikasoma nyuzi 70.

Hesabu yake haina mafumbo. Nguvu ya paneli kama hizo hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi moja inapozidi hapo, hupotea takriban asilimia 0.4 ya nguvu hiyo. Sabini toa 25 ni 45, mara 0.4, ni asilimia 18. Zile tano zikabaki 4.1. Paneli za jirani, kwa kuwa zilipigwa na upepo juu na chini, zilikuwa na nyuzi 50, zikapoteza asilimia 10 tu. Tena kivuli chake kilipunguzia bati makali ya jua.

Paneli nzuri hugeuza kiasi cha moja ya tano ya jua kuwa umeme. Sehemu kubwa ya kinachobaki huwa joto. Joto hilo lisipoonyeshwa njia, hushuka chumbani. Likionyeshwa, huwa mali. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, kilijenga nyumba ya majaribio iliyoitwa Solar One, ambamo feni zilivuta hewa ya moto kutoka kwenye paneli za paani na kuweka joto lake akiba. Sisi wa pwani hatuna haja ya kupasha vyumba, lakini maji ya kuoga tunayapasha. Mabomba yakipitishwa mgongoni mwa paneli, maji huondoka na joto na umeme huongezeka. Ila tamaa isizidi: ukitaka maji ya nyuzi 60, paneli lazima iwe na joto kupita hapo, na hasara ni ile ile. Ukiridhika na 35 au 40, umeoga na umeme haujapungua sana.

Mzee alikubali paa lifumuliwe. Silikoni ilikuwa imeshika barabara. Baadhi ya paneli zilipasuka zikibanduliwa, na gharama yake ikapita mbali bei ya papi alizozikataa. Wahenga walimwonya kijana asiyesikia la mkuu. Safari hii mkuu ndiye aliyevunjika guu.

Nawe unayechora nyumba leo, usiishie kumuuliza fundi paneli zitatoa wati ngapi. Mwambie akuonyeshe kwenye ramani joto litapita wapi, na asipoweza, msianze kupaua.