Utii Saa ya Dhiki

Utulivu haupimwi wakati wa raha. Maji ya mtungini hutulia kwa sababu hakuna aliyeyatikisa, wala hayastahili sifa kwa hilo. Mtu naye akiwa ameshiba, ana afya na hadaiwi, husema kwa wepesi kwamba anamtegemea Mungu. Swali gumu ni hili: dhiki ifikapo na moyo ukaanza kwenda mbio, kumtegemea Mungu na kumtii ni kufanya nini hasa? Je, ni kukaa kimya na kungoja?

Nakuomba, msomaji, ufuatane nami hadi Uwanja wa Ndege wa Moi, ulioko Changamwe, upande wa bara wa Mombasa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Desemba 2015, ndege ya Air France ilikuwa safarini kutoka Mauritius kwenda Paris, nayo ilichukua abiria 459 na wafanyakazi 14. Chooni mlionekana kitu kilichodhaniwa kuwa ni bomu. Rubani akaomba ruhusa ya kutua Mombasa kwa dharura. Ndege ilishuka polepole. Abiria hawakuelezwa yote, na baadhi yao walisimulia baadaye jinsi wahudumu walivyowatuliza. Baada ya saa sita ya usiku ndege ilitua, na watu wote wakatolewa salama kwa mitelezo ya dharura. Wataalamu walikichunguza kitu kile, ikabainika kwamba ni kadibodi, karatasi na saa ndogo ya kuhesabia dakika. Hakikuwa bomu.

Pengine utasema kwamba taabu yote ile ilikuwa ya bure. Mimi sioni hivyo. Hatari ilikuwa ya uongo, lakini wajibu ulikuwa wa kweli. Rubani hakuweza kungoja mpaka apate yakini ndipo atende lililo jema. Angalia pia kwamba hakuna utegemezi wa Mungu unaompa rubani ruhusa ya kuachilia usukani. Aombe dua, naam, lakini mikono yake ibaki kazini. Utulivu wa mvivu na utulivu wa mtiifu hufanana kwa sura tu. Mmoja umekimbia kazi, na mwingine umo ndani yake.

Sisemi kwamba kila mtu katika ndege ile alikuwa mcha Mungu, kwa maana mioyo yao siijui. Nasema kwamba safari ya ndege ina mfano unaotufaa. Kabla ya ndege kuruka, mhudumu huwaonyesha abiria mikanda na milango ya kutokea, na wengi hawamsikilizi. Mojawapo ya maagizo yake ni kwamba mtu akitakiwa kutoka kwa dharura, aache mizigo yake. Agizo hilo ni jepesi kulisikia na zito kulitenda. Katika mkoba mna fedha, mna hati ya kusafiria, mna zawadi za watoto. Hofu humwamuru mwenye mkoba ashike kilicho chake, naye akiinama kuutafuta, huwazibia njia walio nyuma yake. Basi katika saa ya dhiki binadamu husikia amri mbili: amri ya hofu, na amri ya wema aliyofundishwa zamani, wakati wa salama. Kumtii Mungu ni kuifuata hii ya pili, ingawa mkono unatamani kushika. Kwa hiyo sala na maonyo tunayoyasikia kila siku, hata tukayachoka, si ya bure. Katikati ya fadhaa hakuna nafasi ya kuanza kujifunza.

Lakini yako mashaka mengine ambayo mtu mkweli hawezi kuyapita. Wahenga walisema kwamba subira yavuta heri. Je, huivuta daima? Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, ndege ya shirika la Arkia la Israeli iliruka kutoka uwanja huu huu, ikatupiwa makombora mawili. Yote mawili yalikosa, na ndege ikafika Tel Aviv salama. Asubuhi hiyo hiyo bomu lililipuka katika hoteli moja ya Kikambala, kaskazini ya Mombasa, likaua watu 13, bila kuwahesabu washambuliaji wenyewe. Wengi wa waliokufa walikuwa Wakenya. Nani atathubutu kusema kwamba waliookoka angani walikuwa na imani kuliko waliofia pwani? Maneno hayo yangekuwa dhuluma kwa waliofiwa. Basi kumtegemea Mungu si bima, wala utii si nauli tunayolipa ili tufikishwe tunakotaka. Imani haimwambii mtu yatakayompata. Humwambia yampasayo kutenda, yawe yatakayompata ni haya au yale.

Na wewe, msomaji, huenda hujapanda ndege hata siku moja. Dhiki yako itakuja kwa mlango mwingine. Itakuwa ni usiku wa kuamkia mtihani. Karo ililipwa kwa mbuzi wa mwisho wa baba, na mama amekwisha kuwaambia majirani kwamba utafaulu. Hapo rafiki atakuletea karatasi iliyoibwa, akunong'oneze kwamba wote wameiona isipokuwa wewe. Moyo utakwenda mbio. Hofu itakuamuru ushike. Sikuahidi kwamba ukikataa utapata alama za juu, maana pengine aliyeiba atakupita. Nakuambia tu kwamba karatasi ile ndiyo mkoba wako, na waliosoma kwa haki ndio walio nyuma yako njiani.

Vuta pumzi, umwombe Mola wako, umrudishie rafiki karatasi yake bila matusi. Kisha fungua daftari lako mwenyewe, usome kadiri taa itakavyokuruhusu, na ukalale. Asubuhi utaingia katika chumba cha mtihani na yale unayoyajua, yawe machache au mengi, na mikono yako itakuwa mitupu na safi.